Unene wa Mtoto Unapimwa Hospitali, Hauchambwi Insta!

Wadau, leo sina umbea mtamu, nina hasira. Staa mmoja wa kike wa hapa Bongo (jina kapuni) kaenda kutalii Mikumi na familia, akapiga picha na mwanaye wa miaka 7, tembo wakiwa nyuma yao. Picha nzuri tu. Sasa ingia kwenye komenti! Mmoja kahesabu tembo akadai kamwona wa ziada. Mwingine kauliza mama anampikia dogo au anampikia kijiji. Watu wazima na heshima zao wanamchamba mtoto wa darasa la kwanza. Siku mbili mbele, staa mwingine, yule wa kuuza chai za kukata tumbo, katupia tangazo kwamba hata watoto wanaruhusiwa kunywa. Hapo ndo nikasema hapana.

Tuanze na nyie wachambaji. Mnaamini mtoto akiwa bonge, kosa ni la mdomo wake na la mama yake. Basi sikilizeni. Mwaka 1994 timu ya Jeffrey Friedman kule New York iligundua homoni inayoitwa leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kuwa akiba ipo, njaa ipungue. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, wakaeleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja ambao kinasaba chao cha kutengeneza leptini kina hitilafu. Mafuta yamejaa mwilini, lakini ubongo unaamini wanakufa njaa. Binti mmoja alikuwa na miaka 9 na kilo 94. Wakaanza kumchoma sindano za leptini, na ndani ya mwaka mmoja akapungua kilo 16. Hakuchambwa akapungua, alipimwa akatibiwa.

Watoto wa aina hiyo ni wachache sana duniani, sikudanganyi. Kwa wengi vinasaba ni vingi, kila kimoja kinachangia kidogo: huyu anachelewa kushiba, yule mwili wake unatunza mafuta kirahisi. Ndo maana ndugu wawili wanakula sinia moja la ubwabwa, mmoja anabaki kama fito na mwingine anakuwa kibonge.

Na mkisema ajinyime tu apungue, mnakumbuka kile kipindi cha TV cha Marekani, The Biggest Loser, watu wazima wakishindana kupungua? Mwaka 2016 watafiti walitoa majibu ya washiriki 14 waliopimwa miaka 6 baada ya shindano. Wengi walikuwa wamenenepa tena, na miili yao ilikuwa inachoma chakula pungufu kuliko ilivyotarajiwa kwa uzito wao. Yaani ukiubana mwili kwa njaa, unajihami. Hao ni watu wazima waliosimamiwa na wataalamu. Wewe unataka mtoto wa miaka 7 aweze kwa kutukanwa?

Sasa dada yetu wa chai. Nyingi ya hizo chai ndani ni sanamaki, ile ile ambayo bibi alikunywesha tumbo likikaza. Kinachotoka ni maji na choo, mafuta yako pale pale. Mtoto akiharisha wiki nzima anapoteza maji na chumvi za mwili. Hiyo siyo biashara, ni dhambi.

Ila na wewe wa "sisi kwetu ni wanene, ni ukoo," usijifiche humo. Mkulima yeyote wa Kilosa atakwambia mbegu haioti bila mvua. Vinasaba ni mbegu, na mvua tunainyesha wenyewe. Pita Mikumi mjini pale mabasi ya Iringa na Mbeya yanapopita: chipsi na soda ni hatua mbili. Shika njia ya Kidatu ukutane na miwa kila upande. Halafu nchi hii, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Tumezoea kuogopa wembamba, kwa hiyo mtoto akijaa mashavu tunapongezana kwamba nyumba ina pesa.

Na hapa ndo penye kidonda. Kadi ya kliniki inamfuata mtoto hadi miaka 5. Baada ya hapo nani anampima? Insta! Mama wa Kilosa akiona mwanaye anazidi kufura, anachokutana nacho kwenye simu ni matusi na chai ya staa.

Basi mama, acha simu, mwangalie mwanao. Alianza kunenepa sana kabla ya miaka 5 na njaa haimwishi? Ananenepa huku kimo kimesimama? Hiyo inaweza kuwa tezi ya thairoidi au homoni nyingine. Shingo ina weusi ambao unasugua ukidhani ni nongo na hautoki? Mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri. Anakoroma sana usiku? Amekuwa akipewa vidonge vya steroidi? Nenda hospitali ya wilaya, na ikibidi omba rufaa ya Morogoro au Muhimbili. Hata asipokutwa na ugonjwa, usimlaze njaa. Kwa wengi lengo ni uzito utulie huku kimo kikipanda, na anayebadilisha chakula ni nyumba nzima: soda itoke mezani kwa wote, baba akiwemo, mtoto acheze na alale mapema.

Mastaa, mna mamilioni ya watu nyuma yenu. Posti moja ya kusema "mpeleke mtoto akapimwe" haiwapunguzii hela. Na serikali, mizani ya kliniki ifike hadi shuleni, siyo mpaka mtoto augue kisukari.

Haya wadau, uwanja ni wenu, shusheni komenti. Ila atakayemtaja yule mtoto kwa kejeli, namfuta na sijibu DM.