Tuwasomee Watoto Kabla Simu Haijawasomea

 

Ndugu Waislamu, wapo miongoni mwetu hapa Bariadi na katika vijiji vya mkoa huu wa Simiyu wanaosema kuwa kitabu cha watoto chenye picha ya tembo, au ya mtoto anayechota maji, kisiingie madrasa wala nyumbani. Hoja yao ina msingi. Hadithi za kuwakemea wachoraji wa viumbe vyenye roho ni sahihi, zimo katika Bukhari na Muslim, na hatuko tayari kuzipuuza. Lakini katika vitabu hivyo hivyo imo habari ya Mama Aisha (r.a.) akicheza na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na Mtume akiwaruhusu wenzake waje kucheza naye. Katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya farasi wake wa kuchezea mwenye mabawa ya vitambaa, ambaye Mtume (s.a.w.) alipoelezwa juu yake alicheka. Kwa habari hizi Qadhi Iyadh aliona kuwa wanasesere wa watoto wametolewa katika katazo, na Imamu Nawawi akainukuu kauli hiyo. Wapo wanavyuoni walioona ruhusa hiyo imefutwa. Ikhtilafu ipo, na ni ya zamani.

Sisi tunaona kuwa kitabu cha mtoto, kinachofunguliwa, kikasomwa na kurudishwa sandukuni, kiko karibu zaidi na mwanasesere wa Mama Aisha kuliko sanamu inayotukuzwa. Ama kitabu kinachowachora Mitume, hicho hakina mjadala: hatukinunui. Na mwalimu anayependa kushika tahadhari hakufungiwa mlango, kwani Ibn Abbas (r.a.) alimwelekeza mchoraji achore miti na vitu visivyo na roho. Kisima, mwezi, jahazi, shamba la pamba: hadithi ngapi zimo humo!

Linalotusikitisha ni jingine. Katika nyumba ile ile iliyokataa kitabu kwa sababu ya picha ya tembo, utamkuta mtoto wa miaka 4 amepewa simu ya baba yake anatazama katuni tangu alasiri hadi isha, na hakuna aliyeuliza fat'wa. Simu humtosha mtoto peke yake. Kitabu kwa mtoto asiyejua kusoma hakisemi neno mpaka mtu mzima aketi naye, na huko kuketi ndiko tunakokutaka.

Watoto wengi wa mkoa huu huingia darasa la awali wakiwa na Kisukuma tu, nako hufundishwa kwa Kiswahili. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi Simiyu na mikoa mingine kati ya mwaka 2014 na 2020, uliliona tatizo hilo, na madarasa yake ya utayari wa kuanza shule yalitumia hadithi kumzoeza mtoto lugha. Mpango umekwisha, lakini kusimulia hadithi hakuhitaji mfadhili. Mzazi asome sentensi kwa Kiswahili, kisha aulize kwa Kisukuma: huyu anafanya nini, na wewe ungefanyaje? Mtoto akikitaka kitabu kile kile kwa mara ya kumi, asomewe. Sisi walimu wa Qur'an ndio wa mwisho kushangazwa na kurudia.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo vijana walikaa na wazee wakasikia ngano na adabu. Shikome zimezimika katika kaya nyingi, nasi hatujaweka kitu mahali pake. Hatusemi kila ngano inafaa. Katika kanda hii, ambamo ndugu zetu wenye ualbino wameuawa kwa sababu ya shirki za waganga, hadithi ambayo mganga ndiye shujaa wake haifai kusomewa mtoto wa Kiislamu.

Badala yake yako mengi. Qur'an yenyewe ina chungu na hudhudi wa Nabii Sulayman (a.s.), nyangumi wa Nabii Yunus (a.s.) na tembo wa Abraha. Sheikh Abul Hasan Ali Nadwi wa India (aliyefariki mwaka 1999) alipoona mtoto wa ndugu yake anapenda hadithi na hapati zinazofaa, hakuishia kukemea. Alikaa akamwandikia Qasasun Nabiyyin, kitabu ambacho wanafunzi wa Kiarabu wanakisoma hadi leo. Kwa Kiswahili, Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa mwaka 1991, umewezesha kuchapishwa kwa vitabu vingi vya watoto, na mzazi achague kwa kukisoma chote kwanza.

Pamba ikishauzwa, pamoja na nguo na sukari kinunuliwe kitabu kimoja. Kila msikiti wenye madrasa uweke sanduku la kuazimishana, na muda baina ya magharibi na isha utumike. Mzazi asiyejua kusoma amwite mwanawe wa darasa la tano amsomee mdogo wake, naye akae hapo hapo asikilize.