Watoto wa Kariakoo wajue waliowatangulia

Mtoto wa Kariakoo aliyefika darasa la tano anaweza kukuelekeza bila kukosea maduka ya nguo ya Mtaa wa Congo, maduka ya simu ya Mtaa wa Aggrey na kituo cha mabasi cha Gerezani. Mwulize Mahiwa ni nini, atakujibu kuwa ni mtaa. Mwulize Narung'ombe, atakujibu vivyo hivyo. Hatuna haki ya kumcheka, kwani wengi wetu tuliomzaa hatuna jibu lililo bora kuliko hilo.

Mahiwa na Narung'ombe ni mahali kusini mwa nchi yetu, katika Mkoa wa Lindi wa leo, ambako Waingereza na Wajerumani walipigana vita vikali mwaka 1917. Na neno Kariakoo ni matamshi yetu ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi ambacho Waingereza walikiwekea kambi hapa baada ya kuuteka mji Septemba 1916. Nairobi nako ipo Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Vita ile iliwachukua mamia ya maelfu ya Waafrika, wengi kwa nguvu, wakabeba vichwani risasi na vyakula vya majeshi ambayo ugomvi wao haukuwahusu. Makumi ya maelfu hawakurudi makwao, na maradhi yaliwaua wengi zaidi kuliko risasi. Sanamu ya Askari iliyopo katikati ya mji, iliyozinduliwa mwaka 1927, imeandikwa kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza kwa ajili ya kuwakumbuka askari na wapagazi hao. Jina la hata mmoja wao halimo.

Hiyo ndiyo hasara tunayoizungumzia leo. Watu waliokuja mapema katika mji huu hawakuachiwa kumbukumbu za mawe. Waliacha majina ya mitaa, misikiti, makaburi na wajukuu, na wajukuu ndio sisi.

Kabla ya kuwako mji palikuwa na Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima, pamoja na vijiji jirani vya Washomvi na Wazaramo vilivyokuwa na majumbe wao. Hapo ndipo Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipoanza kujenga katika miaka ya 1860 akapaita Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1870 kabla ya kuyakamilisha aliyoyakusudia, na Sayyid Barghash aliyemfuatia hakuushughulikia sana mji huo. Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wakaja askari wa Kinubi na wa Kizulu walioletwa na Wissmann, Washihiri kutoka Hadhramaut, Wahindi wenye maduka, Wanyamwezi wapagazi wa misafara, na Wamanyema kutoka mashariki ya Kongo. Sehemu ya Kariakoo wakati huo ilikuwa shamba la minazi. Serikali ya Kijerumani ililinunua kabla tu ya vita ya 1914 ili kuwahamishia Waafrika mbali na Uzunguni na Uhindini.

Mtoto akifundishwa hayo atauona mji wake kwa jicho jingine. Ataelewa kwa nini jirani yake wa ukutani ana babu aliyetoka Kigoma, na wa mbele yake ana nyanya aliyetoka Kilwa, na wote wanaitana ndugu. Msikiti wa Manyema upo hadi leo, nao ni somo tosha. Watu waliofika ugenini bila ya ukoo walijifanyia ukoo wa kuswali pamoja, kuzikana na kulea mayatima.

Lakini historia haifundishwi kwa kuchagua matamu peke yake. Mashamba ya Sayyid Majid yalilimwa na watumwa. Miongoni mwa Wamanyema na wengineo wengi waliofika pwani, wamo waliokuja wakiwa na mali zao na wamo waliokuja wakiwa wao ndio mali. Wazee wetu wengi waliona haya kulisema jambo hili. Baadhi walijitafutia nasaba ya Arabuni au Uajemi, wengine wakanyamaza mpaka wakaingia kaburini nalo. Tunaielewa haya yao, kwa kuwa kulikuwa na majirani wasiosahau na ndoa zilizovunjika kwa neno moja. Hata hivyo hatuoni sababu ya kuirithi. Mtoto akiuliza, "Baba, na sisi tulikuwa watumwa?" ajibiwe kwa ukweli unaolingana na umri wake, naye akumbushwe Bilal alikuwa nani kabla ya kusimama kuadhini. Aibu ni ya aliyemfunga mwenziwe kamba. Aliyeikata kamba hiyo, akajenga nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi na ua, akasomesha watoto Qur'ani barazani, huyo ni wa kujivunia.

Na nyumba hizo zinakwisha. Anayeikumbuka Kariakoo ya miaka ya 1980 anajua ni ngapi zimebomolewa, ghorofa za maduka na maghala zikachukua nafasi yake. Familia zimegawana mirathi, zikauza, zikahamia Mbagala, Tabata na Kitunda. Hatumlaumu aliyeuza, kwani mirathi ni haki na maisha ni magumu. Tunasema tu kwamba nyumba ilipouzwa, hadithi yake haikuandikwa popote. Hata soko lenyewe, lililosanifiwa na Mtanzania Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Tukaona kuwa zege nalo halina dhamana.

Ipo mifano ya waliofanya vizuri. Kleist Sykes, aliyezaliwa Pangani mwaka 1894, mtoto wa askari wa Kizulu, alikuwa katibu wa African Association ilipoanzishwa mwaka 1929, kisha akawa miongoni mwa waasisi wa Al Jamiatul Islamiyya mwaka 1933. Kabla ya kufariki mwaka 1949 aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake. Miaka mingi baadaye mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia maandishi hayo kuandika maisha ya babu yake, yakachapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na mwanahistoria John Iliffe. Laiti karatasi za babu zingefungiwa maandazi, tungejua machache mno juu ya watu waliolijenga jumba la Mtaa wa New Street, Lumumba ya leo, ambamo TANU ilizaliwa Julai 7, 1954.

Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 umeleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Tumelipokea kwa furaha. Lakini hakuna mwalimu atakayemweleza mtoto wako kwa nini bibi yake alizikwa Kisutu, au ni nani aliyempa babu yake kiwanja. Kazi hiyo ni ya nyumbani, na waalimu wa madrasa wanaweza kuisaidia. Jumapili asubuhi, kabla soko halijachangamka, wachukueni watoto kwa miguu kutoka Boma la Kale pale ufukweni, mpite Sanamu ya Askari, Mnazi Mmoja, mpaka Mtaa wa Mahiwa. Mkifika msikiti wa Mtoro au wa Idrisa, mwacheni mtoto amwulize mzee wa hapo jina hilo ni la nani. Wazee hupenda kuulizwa na watoto kuliko kuulizwa na sisi.

Kisha awe na daftari. Aandike jina la anayezungumza, tarehe, na maneno yake kama yalivyotamkwa, hata yakipingana na ya mzee mwingine. Aanze na bibi yake mwenyewe, alasiri, baada ya chai, wakati bado anayakumbuka majina ya wapangaji wa vyumba vya uani.