Kubahatisha si kujua, shemeji

Wasomaji wangu, nyumba yetu hapa Mbinga ina timu mbili. Baba watoto ni Simba, mdogo wake ni Yanga, na mimi ni mpishi wa wote wawili. Kwa kawaida utani wao huisha ugali ukishafika mezani. Oktoba 2025 haukuisha.

Mwanzoni mwa mwezi ule shemeji alirudi kutoka kijiweni, simu mkononi. "Folz ameshatimuliwa!"

Baba watoto akauliza, "Nani kasema?"

"Kila mtu anasema."

Walibishana mpaka usiku. Kesho yake Folz alikuwa bado kazini, na shemeji akachekwa mbele ya watoto. Alinuna siku tatu, hata chai ya asubuhi akawa anakunywa peke yake.

Ikafika Jumamosi, Oktoba 18. Yanga wakafungwa 1-0 na Silver Strikers kule Lilongwe, ng'ambo ya ziwa letu, na siku hiyo hiyo klabu ikatangaza kuachana na Romain Folz. Patrick Mabedi, Mmalawi, akakabidhiwa timu kwa muda. Shemeji aliingia ndani timu yake imefungwa, lakini yeye anacheka. "Niliwaambia, mkanibishia!"

Tukakaa kimya, na kwa kukaa kimya tulikosea. Makocha wa timu hizi mbili hawana viti vya kudumu. Robertinho wa Simba aliondolewa Novemba 7, 2023, siku 2 baada ya kufungwa 5-1 na Yanga. Miguel Gamondi wa Yanga naye aliondoka Novemba 15, 2024, baada ya kufungwa na Azam, kisha na Tabora United. Anayesema kila wiki kwamba kocha anafukuzwa ipo siku atapatia, kama anayetabiri kila asubuhi ya masika kwamba leo Mbinga itanyesha. Shemeji hakuwa na habari. Alikuwa na tetesi, na tetesi ikakutana na siku yake.

Lakini tangu siku ile, neno lake nyumbani likawa ndilo neno.

Mwishoni mwa Novemba akapokea sauti kwenye simu: boti iliyotoka Mbamba Bay kwenda Lituhi imezama, watu hawajulikani walipo. Mdogo wangu anafanya biashara ya usipa, na njia yake ni hiyo hiyo. Mimi nilikuwa sokoni. Shemeji, kwa huruma yake, akampigia mama yangu Mbamba Bay kumpa pole. Mama ana presha. Alianguka mlangoni pake, majirani wakambeba hadi zahanati.

Jioni mdogo wangu akashuka na magunia yake mawili ya usipa, akashangaa kukuta uwanja wa nyumba umejaa kina mama wanaolia.

Baba watoto akaichukua ile simu, akasikiliza tena ile sauti mpaka mwisho. Haikutaja tarehe, wala jina la boti, wala la msemaji. Tulipomuuliza shemeji, alijibu kwa sauti ndogo, "Lakini ile ya kocha nilipatia."

Jumapili alipanda basi kwenda kuomba radhi, na kilo mbili za sukari. Mama alimpokea vizuri, akampa na chakula. Kisha akamwambia, "Mwanangu, kocha akifukuzwa anapata kazi kwingine. Mimi ungenizika."

Siku hizi nyumbani kwetu kila habari inaulizwa maswali matatu kabla haijatumwa kwa mtu. Nani amesema, kwa jina? Amesema lini? Yeye mwenyewe aliona, au naye aliambiwa? Habari ya kocha tunaisubiri itoke kwenye ukurasa wa klabu yenyewe, na tarehe tunaisoma, maana karatasi yenye nembo hata mtoto wa shule anaitengeneza kwenye simu. Habari ya msiba au ajali tunampigia kwanza mhusika, au mtu aliye naye karibu. Mzee mwenye presha haambiwi kitu kwa simu kabla hatujapata uhakika.

Mdogo wangu angepigiwa simu siku ile, angepokea. Alikuwa ufukweni Lituhi, anapakia.