Mbayuwayu hali mpunga: acheni kumuua



Leo siandiki kuhusu mbolea. Wiki iliyopita nilipita kwenye skimu moja ya mpunga nikakuta vijana wamepanga mbayuwayu kumi na mmoja juu ya tuta, wote wameuawa kwa manati. Nikauliza kosa lao. "Bwana shamba, hawa ni kwelea kwelea." Mwenye shamba, mtu mzima kabisa, akawaongezea hela ya soda.

Jamani, hapana! Kabla hujarusha jiwe, tazama mdomo. Kwelea kwelea ana mdomo mnene wa kupasulia punje, mara nyingi mwekundu. Huyo ndiye mwizi: mmoja hula karibu gramu 10 za nafaka kwa siku, na huja kwa maelfu. Mbayuwayu ana mgongo wa buluu inayong'aa, koo jekundu na mkia wenye panda. Mdomo wake mfupi na mwembamba hauwezi kupasua punje. Chakula chake ni wadudu anaowadaka hewani: nzi, mbu, vidukari wenye mabawa, kumbikumbi. Akipita chini juu ya mpunga wako, yuko kazini, tena halipwi.

Ndege huyu ana uzito wa gramu 20 hivi, lakini huzaliana Ulaya na Asia, kisha huja Afrika kuanzia Septemba na kurudi Machi au Aprili. Mmoja aliyevishwa pete Uingereza mwaka 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Avuke bahari na jangwa, aje afie kwenye tuta lako kwa kusingiziwa?

Wengine husema, "Ndege ni ndege, wafe wote tuwe salama." Salama kwa nani? Ukiua anayekula wadudu, kesho utanunua dawa ya wadudu.

Na sisi wa serikali tusijitoe. Mbayuwayu hulala kwenye matete, na kwelea kwelea hulala humo humo. Fenthioni tunayonyunyizia haichagui. Tukague malalo kwanza, ndipo tupulizie.

Kwako wewe: usichome matete, usitege kwa nafaka yenye sumu. Amia ndege mpunga unapoanza kukomaa, vuna kwa wakati, na ukiona makundi ya kwelea kwelea toa taarifa mapema kwa afisa ugani wa kata.

Mwizi tumkamate. Mlinzi tumwache.