Tumbo la mtoto ni amana, tusilitibu kwa pupa

 

Ndugu zetu Waislamu, Ijumaa ya leo tunaelekeza macho yetu Tunduma, mji wa mpakani ambao tangu mwaka 2016 umo katika Mkoa wa Songwe. Hapo barabara kuu na reli ya TAZARA huvuka kuingia Zambia, na hapo madereva wa malori hungojea zamu yao. Tunduma na Nakonde ni kama nyumba mbili zenye ua mmoja. Penye watu wengi wanaokula, kunywa na kujisaidia njiani, maradhi ya tumbo hayakosi, na anayeumia zaidi ni mtoto mchanga asiye na kauli.

Tunalolikemea leo ni mazoea. Mtoto akianza kuharisha majimaji, mzazi hukimbilia dukani akanunua vidonge vichache vya antibayotiki, akavisaga na kumnywesha. Mwingine huamua "kulisafisha tumbo" kwa mizizi au mafuta aliyouziwa nje ya msikiti kwa jina la tiba ya Sunna. Nia ni njema, lakini nia njema haimfanyi mtu kuwa tabibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa mwenye kujitia utabibu pasina kujulikana kwa ujuzi huo hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta.

Kwa nini tunaita jambo hili madhara? Kwanza, kuharisha kwingi kwa watoto wadogo husababishwa na virusi, hasa virusi vya rota, ambavyo Ruth Bishop na wenzake walivitambua mwaka 1973 huko Melbourne, Australia. Antibayotiki huua bakteria, virusi haviui. Pili, Allah (s.w.) hakuliumba tumbo likiwa mfuko mtupu. Ndani ya utumbo wanaishi bakteria wasiohesabika, wengi wao wakiwa na manufaa. Ukuta unaowatenga na damu yetu ni safu moja tu ya seli, na nyuma yake zimejipanga chembechembe za kinga, kama askari nyuma ya boma. Nyingine hutengeneza kingamwili zinazomwagika ndani ya utumbo na kumnasa adui kabla hajapenya. Askari hawa hupata mafunzo yao kwa kuishi jirani na bakteria hao. Anayewaua bakteria ovyo huvuruga na mafunzo ya askari.

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa panya wa maabara. Mwaka 2019 watafiti wa Atlanta, Marekani, walieleza kuwa baadhi ya panya wao walikataa kabisa kuambukizwa virusi vya rota. Walipotafuta sababu, waliikuta kwa bakteria wenye umbo la uzi waliojishikiza kwenye ukuta wa utumbo, ambao huuharakisha ukuta huo kuzivua seli zake na kuweka mpya, hata virusi vikakosa makao.

Lakini uadilifu unatulazimu tuseme na upande wa pili. Mwaka 2011 ilithibitika kuwa panya waliopunguziwa bakteria wa tumboni hawakudhurika na virusi vya polio kama wenzao. Mwaka 2015 ikaonekana kuwa virusi vya noro vya panya hushindwa kudumu tumboni pale bakteria wanapoondolewa, mradi mwili una nguvu ya kutoa kemikali ya kinga iitwayo intaferoni. Yaani bakteria wale wale waweza kumsaidia mwenye nyumba au kumfungulia mlango mwizi. Na panya si watoto wa Tunduma. Kwa hiyo hatusemi kila bakteria ni rafiki, wala hatusemi ni adui. Tunasema kuwa mizani hii ni nyeti, na asiyeijua asiichezee.

Elimu hii inajibu pia shaka tunayoisikia kwa wazazi: "Mwanangu alichanjwa, mbona ameharisha?" Chanjo ya rota ilianza kutolewa kwa watoto wote nchini mwanzoni mwa mwaka 2013, kwa matone ya mdomoni katika wiki ya 6 na ya 10. Haizuii kila kuharisha. Inapigana na virusi vya rota tu. Tena, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa ilizuia ugonjwa mkali kwa asilimia 77 Afrika Kusini, na kwa asilimia 49 kwa majirani zetu wa Malawi, nchi inayopakana na Ileje. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni lishe duni, utumbo uliochoshwa na uchafu wa mara kwa mara, na aina ya bakteria waliomo. Je, chanjo ya asilimia 49 ni bure? Hasha! Katika utafiti huo huo, kwa kila watoto 100 waliochanjwa, Malawi iliepushiwa visa vikali 6.7 kwa mwaka, na Afrika Kusini 4.2, kwa kuwa Malawi maradhi yalikuwa mengi zaidi. Palipo na balaa kubwa, hata ngao pungufu huokoa wengi.

Basi tufanye nini? Tuanze na alilotuelekeza Mola wetu. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, akina mama wameelekezwa kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha. Dang'a, ambalo baadhi yetu hulimwaga kwa kulidhania uchafu, limejaa kingamwili. Na katika maziwa ya mama imo sukari ambayo mtoto mwenyewe hawezi kuisaga. Hiyo ni riziki ya bakteria wema wa tumboni mwake. Subhanallah!

Mtoto akiharisha, aendelee kunyonya, apewe maji ya ORS na madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama Shirika la Afya Duniani na UNICEF walivyoelekeza tangu mwaka 2004. Kinachoua haraka ni ukavu wa mwili. Akiharisha damu, akishindwa kunywa, macho yakibonyea au akilegea, apelekwe kituo cha afya mara moja. Kadhalika ikishukiwa kipindupindu, ambacho ni bakteria. Hapo tabibu ndiye mwenye haki ya kuamua antibayotiki.

Na asali je? Hadithi ya mtu aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) amnyweshe asali ndugu yake aliyeumwa tumbo ni sahihi, nasi tunaiamini. Lakini haikumtaja mtoto mchanga. Matabibu wanakataza asali kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu inayolegeza viungo vyake. Kumkinga mtoto na dhara hilo ni kuifuata Sunna, wala si kuipinga.

Hatimaye, usafi. Mtume (s.a.w.) ameonya dhidi ya kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kivulini, na ameamrisha aamkaye aoshe mikono kabla ya kuitia chomboni. Virusi vya noro havifi kirahisi kwa vitakasa mikono vya spiriti. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka.

Tunawaomba maimamu wa Tunduma, Vwawa na Mlowo walifikishe hili mimbarini. Wauza dawa wamche Allah, wasiuze antibayotiki kama pipi. Wenye mamlaka wahakikishe kuwa maegesho ya malori yana vyoo na maji. Mtoto ni amana, na kila mchunga ataulizwa kuhusu alichokichunga.

Ewe Mola wetu, wape afya watoto wetu na utuzidishie elimu yenye manufaa. Amin. Wabillahi tawfiq.