Kamalondo: Serveri imezimwa, lakini kaordinateri kake kako macho

Ofisi ya Kamalondo yenye serveri iko na mashini mbili bila kujua. Hata serveri ikizimwa, ndani kunabaki kaordinateri kadogo kenye kukesha, mradi umeme unafika. Njo kenye kumuruhusu fundi aiwashe akiwa mbali. Nako kako na programu yake, yenye wengi hawaigusi hata siku moja.

Machi 2025, kampuni ya AMI ilitoa marekebisho ya kosa lililopewa 10 juu ya 10: mwizi angeingia bila neno la siri. Juni, Marekani ikatangaza kwamba wezi wanalitumia.

Kufanya upya programu pia kuko na mitego. Mu 2021, Wairani walivumbua virusi ndani ya iLO ya HPE: vilizuia programu mpya, kisha vikaonyesha namba yake kama imeingia. Ukurasa wa kuingilia tu, wenye sura ya zamani, njo uliwasaliti.

Kwetu kuongeza SNEL. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kadi inaweza kufa kabisa. Batri kwanza, basi, na mulango wa kaordinateri hako usiachwe wazi kwa intaneti yote.