Two Rivers hadi Gigiri: Kilomita tatu, dakika 45, utatumia nini?

Jirani yangu wa ploti hapa Gachie ana kazi mbili. Mchana anauza bisi na soda karibu na zile bembea za Two Rivers. Jioni anaosha vyombo katika hoteli moja upande wa Gigiri. Anatoka kibandani saa kumi na mbili kamili. Ikifika saa kumi na mbili na dakika 45, lazima awe ameshaweka kidole kwenye ile mashine ya wafanyakazi. Akichelewa, anakatwa pesa.

Mwezi uliopita alikatwa mara tatu. Akanijia akiwa amekasirika.

"Jirani, wewe ndiye hushinda kwa simu ukiandika mambo ya watu. Hebu niambie, hapa na hapo, ni nini hufika mbio?"

Nilitaka kumjibu palepale. Kila mtu Nairobi anajua jibu, ama anadhani anajua. Boda. Lakini alikuwa na sababu zake za kuogopa boda, na mimi kusema kweli sikuwa nimewahi kupima. Kwa hivyo tukakubaliana tupime. Jioni nne, njia nne, saa ya simu mkononi.

Tuliweka sheria moja tu. Saa inaanza kuhesabu akifunga kibanda, si akipanda gari. Inasimama akiweka kidole kwenye mashine, si akishuka. Kumbuka hiyo sheria, kwa sababu ndiyo ilibadilisha kila kitu.

Jioni ya kwanza: teksi ya simu

Programu ilituambia gari liko dakika tatu. Msee, hizo dakika tatu zilizaa.

Jioni watu wanatoka town na Westlands kurudi Ruaka, Ndenderu na Banana. Upande huo wa Limuru Road unajaa magari hadi yanagusana. Upande wa kurudi Gigiri unapumua kiasi. Ukisikia hivyo unafurahi, kwa sababu sisi tunaelekea Gigiri. Shida ni kwamba dereva wetu alikuwa Gigiri. Ili atubebe, ilibidi kwanza apite kwenye ule msongamano ambao sisi tulidhani tumeukwepa.

Wa kwanza alipiga simu: "Unaenda wapi? Unalipa na nini?" Nilipomwambia Gigiri, akakata, kisha akafuta safari. Wa pili alikuja, akapanga foleni ya ukaguzi langoni, akatutafuta kwenye maegesho. Tulingoja dakika 19. Safari yenyewe ilikuwa dakika 12. Jumla 31, kwa Sh350. Hiyo ni karibu nusu ya malipo yake ya zamu ya jioni.

Ni rahisi kumtusi yule wa kwanza aliyefuta. Lakini chukua hesabu yake. Anachoma mafuta kwenye jam ili aje kubeba mtu wa kilomita tatu, kisha programu inachukua fungu lake. Kanuni za mwaka 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa fungu hilo, na bado madereva wanalia. Bei ya petroli nayo EPRA huitangaza kila tarehe 14, na Oktoba 2023 Nairobi ilipita Sh217 kwa lita. Mwaka 2024 baadhi ya madereva waliamua kutembea na orodha zao za bei ndani ya gari, wakisema ile ya programu haiwalipi. Safari fupi ndiyo inayowauma zaidi. Kwa hivyo ukiwa mteja wa kilomita tatu, jua wewe si mteja anayependwa.

Jioni ya pili: matatu

Kutoka kibandani hadi stejini ni dakika nane za kutembea haraka. Matatu ilikuwepo tayari, muziki juu, na kondakta akitupigia kelele kana kwamba inang'oa nanga saa hiyohiyo: "Mbili tu, mbili tu inaenda!"

Ndani tulikuwa watu watano.

Tulikaa dakika 15. Gari linasogea mbele hatua mbili, linarudi nyuma hatua moja, dereva anapiga honi kama mtu mwenye haraka. Jirani yangu anatazama simu. Mimi natazama jirani yangu.

Hapa pia kuna hesabu ya mtu. Matatu nyingi zinaendeshwa kwa makadirio: jioni dereva lazima ampelekee mwenye gari kiasi fulani, na kinachobaki ndicho chake na kondakta. Jioni abiria ni wa kutoka town. Gari linalorudi town linarudi karibu tupu, na kila kiti kitupu kinatoka mfukoni mwao. Kwa hivyo wanangoja. Wale abiria watano waliokaa hawana haraka inayohesabika.

Tulipoondoka, safari ilikuwa dakika saba tu. Kisha dakika sita za kutoka steji hadi lango la wafanyakazi, ambalo liko nyuma ya hoteli, kama kawaida. Jumla 36. Nauli Sh50. Alifika kwa wakati, lakini kama matatu ingekaa dakika kumi zaidi, angekatwa. Na hakuna anayeweza kumwahidi haitakaa.

Jioni ya tatu: miguu

Hii nilimwomba sana. Alinicheka: "Nimesimama tangu asubuhi, sasa unataka nitembee?" Lakini alikubali.

Mtu anayetembea kawaida huenda kama kilomita tano kwa saa, kwa hivyo kilomita tatu ni kama dakika 36. Sisi tulitumia 43. Zile saba zilipotelea kwenye kuvuka barabara, kungoja magari yapungue, kushuka njia ya miguu pale imezibwa na kupanda tena mbele. Giza lilikuwa limeingia. Alikuwa ameshika mkoba mbele, si kando, na kila pikipiki ikipita karibu alikuwa anageuka.

Aliweka kidole zikibaki dakika mbili, akiwa amelowa jasho, na bado hajabadilisha sare. Miguu haina nauli na haina kondakta. Lakini si kwa jioni hiyo, na si kwa barabara hiyo.

Jioni ya nne: boda

Nje ya lango, boda wanne walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. "Madam, twende?" Sh100. Hakuna kungoja, hakuna kujaza. Akatupita yule jamaa kwenye magari kama maji kwenye changarawe na kumshusha mbele ya lango la nyuma. Mimi nilifuata na boda nyingine. Jumla, kutoka kibandani hadi kidole: dakika 14.

Kofia ilikuwa moja, na ilikuwa kichwani mwa dereva.

Sheria ya Trafiki iko wazi: abiria mmoja, na kofia kwa wote wawili. Lakini wangapi kati yetu hukataa kupanda kwa sababu ya kofia? Mimi nilipanda. Jirani yangu pia alipanda, akiwa amefumba macho. Sababu yake ya kuogopa aliniambia baadaye. Kaka yake alianguka na boda, akakaa na chuma mguuni miezi mingi, na familia ikachanga hadi ikachoka. Mwaka 2024 barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,700 kulingana na NTSA. Wanaoongoza kwenye orodha hiyo ni watu wa miguu, na wa pikipiki wako nyuma yao. Kwa maneno mengine, zile njia mbili ambazo mtu wa mshahara mdogo anaweza kumudu kila siku ndizo zinazotoa maiti nyingi zaidi.

Sasa hesabu inasema nini?

Zitazame tena. Teksi, safari dakika 12, jumla 31. Matatu, safari dakika saba, jumla 36. Kumbe matatu ilikuwa na mwendo mzuri kuliko teksi barabarani, na bado ikafika nyuma. Ukiuliza "nini kina kasi?" unajibiwa kuhusu injini. Ukiuliza "nani atafika kwanza?" unajibiwa kuhusu kungoja. Kwa kilomita 30, kungoja robo saa si neno. Kwa kilomita tatu, kungoja ndiyo safari yenyewe.

Nikajiuliza, hao wenye pesa zao hufanyaje? Nikaenda kusoma kuhusu Walt Disney World kule Florida, Marekani. Bustani yao ya Magic Kingdom ilifunguliwa Oktoba 1971, na siku hizo hizo wakafungua hoteli ya Contemporary karibu nayo. Wana treni ya reli moja inayopita juu, tena inaingia ndani ya hoteli. Mabasi wanayo, boti pia wanazo. Lakini kutoka hoteli hiyo hadi lango la bustani, njia ya miguu ni kama dakika kumi, na wageni wazoefu huambiana: wacha treni, tembea. Treni ina foleni, ina vituo, ina kungoja. Mwaka 2020 wakafungua njia nyingine ya miguu kutoka hoteli yao ya Grand Floridian. Watu wenye treni yao wenyewe bado waliona inafaa kumwaga zege kwa ajili ya miguu.

Sisi hatuna hiyo treni, na sikulii treni. Ninachosema ni kwamba hata kwa aliye na kila kitu, umbali mfupi unashindwa na njia nzuri ya kutembea. Na njia hiyo ndiyo kitu cha bei ya chini zaidi kwenye orodha nzima.

Tena si kwamba Nairobi haijui. Zaidi ya asilimia 40 ya safari za jiji hili hufanywa kwa miguu. Mwaka 2015 Kaunti ya Nairobi ilitoa sera yake ya usafiri usio wa injini, na humo ikaahidi asilimia 20 ya bajeti ya barabara iende kwa watembeao na waendesha baiskeli. Mimi si mhandisi, chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Lakini kusoma najua. Ukitembea jioni moja tu na mtu anayekimbilia zamu, utajua mwenyewe hiyo ahadi imefika wapi.

Fikiria njia ya miguu iliyonyooka, yenye taa, bila mtu kuegesha gari juu yake. Zile dakika saba tulizopoteza tukivuka na kukwepa zingerudi. Dakika 36, kila siku, bila kubahatisha na bila nauli. Hapo mwenye haraka angechagua. Sasa hachagui, anasukumwa kwa boda.

Na wewe je, unayeenda kujivinjari?

Kama unalala kwenye hoteli iliyo ndani ya Two Rivers yenyewe, usijisumbue, miguu inatosha. Kama hoteli yako iko Gigiri na una watoto ama mizigo, chukua teksi, lakini iite ukiwa bado kwenye foleni ya bembea ya mwisho, na umsubiri dereva mahali anapoweza kukuona upesi. Mwambie mapema unakoenda. Utajua mapema kama atafuta. Kama uko peke yako na huna haraka, panda matatu, ila tafuta iliyo karibu kujaa. Hesabu vichwa kwa dirisha, usimsikilize kondakta. Mchana mkavu, tembea. Na ukipanda boda, uliza kofia ya pili kabla ya kuuliza bei. Asipokuwa nayo, kuna wengine watatu nyuma yake.

Jirani yangu alikaa na matokeo hayo siku mbili. Sh100 mara siku 26 ni Sh2,600 kwa mwezi, na hiyo kwake ni tokeni za stima, maji na chenji ya mboga. Kisha akafanya hesabu ya kukatwa mara tatu, akaona afadhali hiyo. Jumamosi tulishuka town pamoja, akanunua kofia yake mwenyewe, nyekundu, ya mtumba lakini ngumu. Anaiweka chini ya meza ya bisi.

Wale boda wa langoni sasa wanamjua. Juzi mmoja alimwona akija nayo mkononi, akaangalia ile yake iliyopasuka, akamuuliza: "Madam, hiyo uliuziwa ngapi?"